Mahindi ya Nyuma ya Nyumba ya Mama Mkubwa

Vijana walikuwa wanakata mahindi mabichi nyuma ya nyumba ya Mama Mkubwa ili wapate mahali pa kusimamisha hema, na ile harufu ya mabua yaliyokatwa, tamu kidogo na chachu kidogo, ikanifikia nikiwa nimeketi na wanawake wengine upande wa mbele. Ni yeye tuliyekuwa tumeenda kumzika. Nilikuwa nimeshamlilia tangu asubuhi, lakini harufu ile iliniliza kwa jambo lingine kabisa. Ilinirudisha kwenye msimu mmoja wa mvua, nikiwa bado katika madarasa ya chini, wakati mama yangu mzazi alipokuwa amelala chumbani mwake akikohoa, na kila mtu bomani alikuwa na la kumwambia.

Kazi yangu siku hizi ni ukalimani mahakamani, kule Migori mjini. Mtu anasimama, anaapa, anaongea Kijaluo chake, nami naweka kwa Kiswahili. Watu huniuliza kama baada ya miaka yote hii naweza kumtambua mwongo akifungua tu mdomo. Nawaambia siwezi. Nimeona mtu akitetemeka, jasho linamtoka, macho hayatulii, na alichokuwa anasema kilikuwa kweli tupu. Nimeona mwingine ametulia, anajibu kwa adabu, na hakuna neno lake hata moja lililosimama. Wanacheka, wanadhani najishusha. Wala sijishushi. Nyumbani kwetu walikuwepo watu wazima wenye akili zao, na ukweli ulikaa katikati yao msimu mzima bila kutambuliwa.

Boma letu lilikuwa nje kidogo ya Rongo, kwenye ule udongo mwekundu unaoshika miguu mvua ikinyesha. Baba alikuwa na wake wawili. Nyumba ya Mama Mkubwa, mke wa kwanza, ilisimama katikati ikiutazama mlango wa boma, na yetu ilikuwa pembeni, kulia kwake. Bibi mzaa baba, ambaye sote tulimwita Dani, alikuwa na kibanda chake upande wa chini. Baba mwenyewe tulimwona kwa nadra. Alikuwa ananunua omena, wale dagaa wa ziwani, kule Sori, anazipakia kwenye lori kwenda kuuza mbali, na akija nyumbani nguo zake zilinuka ziwa hata baada ya kufuliwa.

Msidhani hawa walikuwa wake wenza wa kutupiana maneno juu ya ua. Nimesikia hadithi za wake wenza za kila aina, na nyingine nimezitafsiri mbele ya hakimu, lakini za kwetu hazikuwa hivyo. Watoto wa Mama Mkubwa walikuwa wameshakua na kuondoka, kwa hiyo mimi nilikuwa wa nyumba zote mbili. Nilikula kwake mara nyingi kuliko kwetu. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo vyake jioni na kumwaga yale maji nyuma ya nyumba, karibu na bafu lake la magunia, mahali ambapo mtu mwingine hakuwa na sababu ya kufika.

Alitoka Asumbi, na watu wazima walimwita Nyar Asumbi, yaani binti wa Asumbi. Na alikuwa mwongo. Nasema hivyo kwa mapenzi, maana hakuna aliyemchukia kwa hilo. Aliwahi kutuambia kwamba kiboko alitoka ziwani akaingia kanisani Jumapili, akakaa upande wa wanaume mpaka sadaka ikapita. Umri wake ulibadilika kila alipoulizwa. Ukimpelekea kitambaa ulichoshona vibaya shuleni, alikwambia mke wa chifu ameulizia mahali pa kununua kama hicho. Tulijua anatudanganya na tulirudi kwake kesho yake kudanganywa tena.

Lakini uongo wake mkubwa, uliomjengea jina kijiji kizima, ulikuwa wa siku babu alipofariki. Babu alikuwa akimwita mwanawe wa mwisho, Ami Otieno, aliyekwenda Mombasa akanyamaza kimya. Siku nzima alikuwa anauliza tu: Otieno amefika? Wanaume walikuwa wanatazama chini. Mama Mkubwa akaingia akitokea nje, anajipangusa mikono kwenye leso, akamwinamia na kumwambia, "Ameshuka, mzee. Anaoga kwanza, amejaa vumbi la njia." Babu akasema aoge vizuri. Akafumba macho, na haukupita muda akakata roho, uso umetulia. Ami Otieno hata hakujua baba yake anaumwa. Tangu siku ile watu walikuwa wakimsifu Nyar Asumbi kwa moyo wake, na mama yangu ndiye aliyeipenda hadithi hiyo kuliko wote. Kila aliposimulia alicheka na kulia kwa pamoja.

Sasa nije kwenye kupanda. Ninyi mliokulia kwetu mnajua, na mliokulia kwingine niwaeleze kidogo. Mvua zikianza, mke wa kwanza ndiye anayetia mbegu ardhini kabla ya mwingine yeyote bomani. Haijalishi kama ni shamba zima au mashimo machache tu. Akishaanza yeye, wengine wako huru. Mke mdogo akimtangulia, hilo ni kosa, na kosa la namna hiyo huleta chira. Mtu anakonda, anaisha, na hospitali haimsaidii kitu. Mimi nilidhani chira ni mnyama anayeishi chini ya udongo, anayesubiri mbegu ya kwanza na kunusa mkono ulioileta.

Mwaka ule mvua ziliwahi. Baba alikuwa amekuja kulala nyumba ya Mama Mkubwa, akaondoka alfajiri na lori la kurudi Sori. Nyuma yake tu ukaja ujumbe kwamba mama yake Mama Mkubwa ni mahututi kule Asumbi. Tulipoamka, nyumba ya katikati ilikuwa imefungwa na mwenyewe hayupo. Tulidhani atarudi baada ya siku mbili tatu. Hakurudi. Mama yake alikuwa anapigania roho, anapata nafuu kidogo, anazidiwa tena. Huku kwetu majirani wote walikuwa wanapanda, udongo umelainika, na mama alikuwa anasimama mlangoni akiangalia mashamba ya wenzake. Dani alimwambia angoje. Mama akangoja, akangoja, mwishowe akasema watoto wakilia njaa mwezi wa saba hawataulizana mke mkubwa alikuwa wapi. Akachukua jembe.

Nilikuwa naye siku hiyo. Nilibeba mbegu kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, nikawa natembea nyuma yake na kudondosha punje kwenye mashimo. Nakumbuka jinsi alivyokuwa anasimama kila baada ya muda, anaegemea mpini, anakohoa mpaka mabega yanatikisika, kisha anatema mate pembeni na kuyafukia kwa kidole cha mguu. Nilichukua nafasi hiyo kupumzisha mkono. Wala sikukifikiria kikohozi chake, kwa sababu kilikuwa kimekuwepo tangu kabla ya mvua.

Mama Mkubwa aliporudi, amenyoa kichwa, mama yake keshazikwa, mahindi yetu yalikuwa yameshachomoza. Mama alikwenda kumpokea akiwa na aibu usoni, akaanza kujieleza. Mama Mkubwa akamkatiza, akasema hakuna shida, yeye alikuwa ameshaanza asubuhi ile ya safari. Watu wakaangaliana wakatabasamu. Nyar Asumbi na moyo wake. Hakuna aliyebisha na hakuna aliyeamini, maana hapakuwa na jambo lolote lililotegemea neno hilo. Walikunywa uji, wakamlilia marehemu, yakaisha.

Kisha mama akaanza kukonda. Baba alimpeleka hospitali ya misheni, akarudi na pakiti za vidonge na maneno ya muuguzi: kifua kikuu, kinatibika kabisa, mradi asikatize dawa hata akijisikia vizuri, na kila mwezi arudi kuchukua nyingine. Mwezi wa kwanza alikunywa. Mkojo wake ulibadilika rangi, jambo lililonitisha na kunifurahisha, na akaanza kula. Lakini ngozi yake ilikuwa bado imelegea mikononi, na usiku kikohozi hakikuisha. Dani akaanza kusema chini chini kwamba hii si ya hospitali. Dani hakuwa mbaya. Alikuwa amezika watoto wake wengine, na alikuwa na hofu ya mtu aliyefika pale pale mara nyingi. Aliletwa mzee wa dawa, akachemsha manyasi, yale maji ya mizizi ya kusafisha chira, akaonya yasichanganywe na vidonge. Mwezi wa pili ulipofika mama hakwenda hospitali.

Baba aliulizwa alipokuja kutoka Sori. Walitaka kujua kama alimwona Mama Mkubwa akipanda asubuhi ile. Baba ni mtu asiyeongeza wala kupunguza, na alijibu alichokijua: alipoondoka kulikuwa na giza na alimwacha amelala. Hakudanganya. Lakini jibu lake lilibebwa kama ushahidi kwamba hakuna kilichopandwa, na yeye hakusema lingine, akarudi kwenye omena zake.

Mchana mmoja nilikuwa nimeketi kwenye mkeka nachagua vijiwe kwenye omena, karibu na kitanda cha mama. Mama Mkubwa akaingia na zile pakiti za vidonge mkononi. Alikuwa amezitoa mahali Dani alipozificha. Hakuwa na ule uso wake wa hadithi. Alipiga magoti kabisa, mtu mzima yule, mke mkubwa mbele ya mdogo, na alimwita kama wanavyoitana wake wenza kwetu.

"Nyieka, nisikilize. Nilipanda. Asubuhi ile, kabla sijafunga mzigo, nilitia mbegu pale nyuma ya nyumba. Hujavunja kitu. Huu ni ugonjwa wa kifua. Kunywa hizi, kesho nikupeleke mwenyewe hospitali."

Mama alimwangalia. Sijawahi kuona mtu akiangaliwa kwa upendo kama ule. "Hivyo ndivyo ulivyomwambia mzee kwamba Otieno anaoga," akasema.

"Yule nilimdanganya. Wewe sikudanganyi."

"Na kama ungekuwa unanidanganya," mama akauliza, taratibu, kama mtu anayetaka kweli kujua, "ungesema nini tofauti?"

Mama Mkubwa alimnyooshea zile pakiti. "Aende mtu yeyote akaangalie mahindi yangu, kisha aangalie yako," akasema. Mama alitikisa kichwa, akasema anajua kuna mahindi pale nyuma, na anajua yalipandwa baada ya safari ili kumsitiri yeye, na Mungu atamlipa Nyar Asumbi kwa moyo huo. Akageukia ukutani. Mama Mkubwa alibaki kwenye magoti, vidonge mkononi, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona akilia bila kutoa sauti. Nami, kwa akili yangu ya kitoto, nilimhurumia kwa sababu uongo wake haukufaulu.

Nimelifikiria swali lile la mama maisha yangu yote. Nimelisikia kichwani nikiwa kazini, shahidi akiapa. Mama hakuwa mjinga. Alijua kabisa kwamba mdomo unaokupenda utakuambia unachohitaji kusikia, na kwamba siku unachohitaji kusikia kinapokuwa ndicho kweli, sauti ni ile ile, macho ni yale yale. Muuguzi alisema kweli, lakini alikuwa mgeni. Baba alisema kweli, lakini ilikuwa nusu. Dani aliamini alichokisema kwa moyo wake wote. Mama Mkubwa ndiye aliyekuwa nayo nzima, na alikuwa ameshaitumia sauti yake kwa babu. Najuta kwamba tulimsifu sana kwa siku ile. Najuta hata tulivyocheka juu ya kiboko.

Mama alifariki kabla mahindi hayajakauka. Alizikwa upande wa nyumba yake, na nilihamia moja kwa moja nyumba ya katikati. Mama Mkubwa alinilea, akanisomesha kwa kuuza mihogo na vyungu, na tangu mazishi yale hakusimulia tena hadithi. Ukimwuliza umri alikutajia ule ule. Nilipokuwa mkubwa nilimwambia siku moja kwamba nakumbuka mama akikohoa siku ya kupanda, kwamba kikohozi kilikuwepo kabla ya mbegu, kwa hiyo haikuwa chira hata kidogo. Akasema anajua. Akasema, "Mimi nilikuwa nataka tu aniamini lile moja." Sikumwuliza ni lipi. Nilidhani bado anatetea uongo wake mzuri, na nikaona ni adabu kumwachia.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye mazishi yake, mwanamke mzima wa mahakamani, nikiwa bado siamini.

Niliinuka pale kwenye viti nikaenda nyuma ya nyumba kuwaonyesha vijana mwisho wa kukata. Bafu la magunia halipo tena. Siku hizi kuna bafu la mabati upande wa pili, na bomba la kuoshea vyombo liko jikoni, maji yake yanaenda shimoni. Mama Mkubwa alikuwa akiishi peke yake kwa miaka, anakula kwenye sahani moja. Hakuna mtu aliyemwaga maji mahali pale tangu nilipokwenda sekondari. Na mahindi yake yalikuwa marefu, yametoa ndevu nyekundu tayari, wakati shamba la wake za kaka zangu, hatua chache tu kutoka hapo, lilikuwa halijatoa chochote. Kijana mmoja mwenye panga akaniuliza mbona haya yamewahi. Mke wa kaka yangu akamjibu kwa niaba yangu, kama mtu anayejibu jambo lisilohitaji kuulizwa, kwamba marehemu alikuwa akipanda pale kwanza kila mwaka, mashimo machache, ndipo wao waliporuhusiwa kuanza.

Nililishika bua mojawapo. Nadhani walidhani ni majonzi ya kawaida, maana mmoja alinishika bega.

Ndipo likanijia jambo ambalo nilikuwa nimelitunza kwa miaka kama kumbukumbu yangu tamu kuliko zote za mama. Ilikuwa siku chache baada ya Mama Mkubwa kupiga magoti. Mama aliniita kitandani, tukiwa wawili tu. Alinivuta karibu, akaniuliza kama nimefika nyuma ya nyumba ya Mama Mkubwa. Nikasema nafika kila jioni. Akauliza kama mahindi ya kule yameshatoa ndevu. Nikasema ndiyo, nyekundu, naweza hata kumletea. Akauliza, na yetu? Nikasema bado, yetu ni mafupi.

Aliinuka kwa kiwiko. Nakumbuka alivyoinuka, maana kwa siku nyingi alikuwa hawezi. Watu wazima wote waliomzunguka walikuwa na sababu za kumbembeleza, na mimi sikuwa nazo, kwa hiyo aliniuliza mimi. Alinishika mkono, vidole vyake vyepesi na vya moto, akanitazama machoni.

"Niambie, nyathina, mwanangu. Kwa nini ya kwake yametangulia?"

Nilikuwa na jibu, na nilikuwa nimengoja siku nyingi mtu aniulize. Nikamwambia ni mimi. Nikamwambia kila jioni nayamwagia maji ya vyombo, yenye makombo ya ugali, na ndiyo maana yamekua hivyo.

Mama aliuachia mkono wangu. Kisha akajilaza tena, polepole, akatabasamu, akanipapasa kichwa.

"Umefanya vizuri," akasema.

Nilitoka pale nikiwa na furaha isiyo na kifani, nikachukua karai, nikaenda kuyaongezea maji.